Kiti cha Mama Mkwe

Jumapili, 7 Juni

Siku nzito. Naanza kuandika leo kwa sababu mambo makubwa yanahitaji shahidi, na katika nyumba hii shahidi wa kuaminika ni mimi peke yangu.

Mama mkwe anaruhusiwa kutoka hospitali Jumamosi. Aliteleza bafuni kwake, mguu ukavunjika, na sasa amefungwa plasta toka pajani hadi kwenye unyayo. Haukunjiki hata kidogo. Mke wangu anataka mama yake aje kuuguzwa hapa kwetu. Kaka yake, yaani shemeji yangu, anataka ampeleke kwake. Tumekaa kikao sebuleni, sisi watatu. Shemeji alitangulia kuweka mezani funguo za gari lake jipya, ndipo akaketi. Akasema kwa upole kwamba mama ni wetu sote. Upole wake ndio unaoniudhi. Akaendelea kwamba mgonjwa wa plasta atatakiwa kurudi hospitali mara kwa mara, na yeye haoni gari letu lile likimfaa.

Neno hilo lilinichoma. Gari dogo, ndiyo. La zamani, ndiyo. Lakini ni gari! Nikasimama nikatamka kwamba Jumamosi nitamtoa mama mkwe hospitali kwa gari langu mwenyewe, mguu umenyooka, na nikishindwa basi achukuliwe akakae kwa kaka mtu. Shemeji akakubali upesi. Mno. Mke wangu alikuwa anatikisa kichwa, lakini mimi nilikuwa nimeshasema.

Baadaye alinikuta jikoni. Hakupiga kelele. Alisema mama yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyemuuguza katika kila uzazi, na hajawahi kupata nafasi ya kumrudishia hata kikombe cha uji kitandani. Hii ndiyo nafasi. Akaniomba nisimharibie. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuwa anakata vitunguu.

Nikamwapia. Akauliza kwa nini mama asilazwe tu kiti cha nyuma, mguu juu ya mto, yaishe. Lo! Mama mkwe nyuma, kama gunia la viazi? Mama mkwe huketi mbele. Tena huyu ambaye hajapanda gari langu tangu siku ile mlango wa upande wake ulipofunguka kwenye kona. Ulifunguka kidogo tu.

Jumatatu, 8 Juni

Nimeomba likizo ya wiki nzima kazini kwangu posta. Mkuu wangu alinipa kabla sijamaliza sentensi. Akasema nikitaka niongeze. Sikupenda.

Tatizo liko wazi. Kiti cha mbele cha gari langu hakirudi nyuma, reli zake zimeota kutu. Ninahitaji kiti kirefu kinacholala, chenye ubao wa kuegemeza miguu unaovutwa kwa mbele. Na kipo! Kinauzwa kwa muuza spea, yule jamaa wa kule mwisho wa barabara ya magereji ambaye watu wote humwita Jabali. Alinihakikishia kwa simu kwamba kiti hicho kimetengenezwa kuingia gari lolote. Lolote? Lolote.

Mimi si mtoto mdogo. Nikatoka nje nikapima nafasi. Futi ya kupimia sinayo, ilikatika. Nilipima kwa shubiri, kama walivyopima waliojenga nyumba zinazosimama mpaka leo. Upana, shubiri tatu na vidole viwili. Nikampigia tena Jabali, nikamwomba naye akipime kiti. Nikasikia anahesabu. Shubiri tatu kamili, akasema. Kitabaki hata upenyo wa vidole viwili! Nikamwambia akifunge na akilete.

Usiku huu nina amani. Mke wangu kauliza kama nimepima vizuri. Nikamwambia tumepima wawili.

Jumanne, 9 Juni

Jabali kaleta kiti mwenyewe, kakibeba begani. Tukapeana mikono.

Mungu wangu, kile kiganja! Sinia! Mkono wangu ulizama humo ukapotea kabisa. Nilibaki nimeushikilia mkono wake nikiutazama, mpaka akaniuliza kama ni mzima. Shubiri tatu zake ni nne zangu na ziada. Nilimlipa, akaondoka akipiga mluzi.

Kiti kizuri, siwezi kukinyima haki yake. Ngozi nyeusi. Mabega mapana. Ubao wa miguu unatoka kama droo. Hakiingii mlangoni. Nilikiingiza kichwa kwanza, kikakwama. Nikakiingiza miguu kwanza, kikakwama na mimi ndani. Jirani yangu, fundi cherehani, aliacha kazi akaja kuegemea ukuta na kikombe chake cha chai. Akauliza kama kiti kinaingia au kinatoka. Huyu ni mtu ambaye suruali yangu ya mwisho aliniletea mguu mmoja mfupi.

Hatimaye tulikiingiza kupitia mlango wa nyuma wa mizigo, yeye akisukuma na mimi nikivuta. Mashimo ya bolti kwenye sakafu yako mahali pake, na miguu ya kiti iko mahali pengine kabisa. Hata havisalimiani.

Mke wangu kashauri tumrudishie Jabali. Nimemkumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kasema kwamba bado koleo halijavunjika, hicho ndicho anachokiogopa.

Jumatano, 10 Juni

Kazi halisi. Jasho halisi.

Nimegundua siri ya ufundi ambayo mafundi hawaisemi: kifaa kikikataa kuingia, usikiguse kifaa. Kifaa ni kipya, kina thamani. Punguza gari.

Asubuhi nimetoa kiti chote cha nyuma. Lazima, vinginevyo kiti kipya hakilali. Kilikuwa kimegandia, bolti zikaliwa na spana, nikazikata kwa msumeno wa chuma. Sasa kiko barazani na hakitarudi tena, maana nilikata na vishikio vyake. Fundi cherehani amekwishaketi juu yake. Anasema hajawahi kushona akiwa amekaa pazuri hivi.

Mchana nimeazima drili nikatoboa sakafu. Shimo la kwanza halikuwa mahali pake. La pili lilikuwa karibu. Sasa naiona barabara pale chini, na alasiri paka alinichungulia kutoka upande wa pili. Nimepata mashimo manne mema. Lakini miguu ya kiti haikai sawa, kiti kinaelemea kushoto, kwa hiyo nimekiinua kwa vipande vya mbao ngumu na bolti ndefu. Kimekuwa juu kidogo. Afadhali. Mama ataona mbali.

Mke wangu kaja na chai, kachungulia, kauliza kiti cha nyuma kiko wapi. Nikanyoosha kidole barazani. Aliiweka chai juu ya boneti taratibu sana, akaingia ndani. Hajasema neno tangu saa hiyo. Mke wangu akinuna kwa kelele najua la kufanya. Huu ukimya siuwezi.

Alhamisi, 11 Juni

Pigo.

Kiti kimefungwa, hakitikisiki. Nimeketi, nimewasha gari, nimetia gia ya kwanza. Barabara! Nimetaka kutia ya pili. Wapi! Bega la kiti limekaa juu ya gia. Gia zote za kusukuma mbele zinaingia, za kuvuta nyuma hakuna hata moja. Nina gari lenye gia ya kwanza na ya tatu, na lisiloweza kurudi kinyumenyume. Nikafikiria njia ya hospitali isiyohitaji kurudi nyuma. Ipo, lakini inapita sokoni, na siku ya Jumamosi sokoni hakupitiki.

Nikapiga moyo konde. Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge. Nimeukata mti wa gia. Umebaki kisiki cha urefu wa kidole gumba, kinapita chini ya bega la kiti bila kugusa. Nimekifunga kitambaa. Gia zote zinaingia, ila nainama mpaka kidevu kinagusa usukani.

Shemeji ndiye wa kufika wakati huo huo. Alidai alikuwa anapita. Hakuna anayepita huku, mtaa wetu umezibwa kwa mbele. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, akaona sakafu, akaona mbao, akaona kisiki. Nilingoja acheke. Angecheka ningempata. Badala yake aliniweka mkono begani, akasema nisijitese, tuseme tu kwamba gari limeharibika, yeye atamchukua mama na wala hatanicheka mbele ya watu.

Huruma! Bora angenipiga kofi. Nikamjibu kwamba gari halijawahi kuwa zima kiasi hiki. Alipokwenda kumuaga dada yake, niliwasikia kupitia dirishani. Alimwambia chumba kwake kimeshaandaliwa. Mke wangu akajibu kwamba na hapa kimeandaliwa. Ni kweli. Nilikwenda kukitazama. Ameosha mapazia, ameweka kengele ndogo karibu na kitanda mama awe anaita, na amehamishia humo mto wake mwenyewe mzuri. Nilisimama mlangoni kwa muda. Kisha nikarudi kukaza bolti.

Ijumaa, 12 Juni

Majaribio. Mke wangu kakubali kukaa kwenye kiti, nadhani kwa kuchoka. Aliketi akanyoosha mguu mmoja juu ya ubao, nikafunga mlango. Ukafunga! Tukazunguka mtaa mara mbili. Fundi cherehani akapiga makofi, sindano mdomoni.

Mke wangu hakutabasamu, lakini alilala kidogo kitini akafumba macho, akasema ni kiti kizuri. Nikahisi machozi. Miaka yote hii, na huenda hili ndilo jambo la kwanza nililolifanya kwa mikono yangu akalisifu.

Nimempigia mama mkwe simu wodini. Nikamwambia ajiandae kwa safari ya heshima, kiti cha mbele. Akauliza kuhusu mlango. Nikamwambia mlango ni mwingine kabisa, nimeutia komeo. Akasema haya, mkwe wangu, kama umeamua hivyo nami nitapanda.

Atapanda! Shemeji aende zake akapande mchicha.

Jumamosi, 13 Juni

Natamani nisiandike. Lakini shahidi haruhusiwi kuchagua.

Tulifika hospitali mapema. Shemeji alikuwa ameshafika, ameegesha kivulini, shati limepigwa pasi. Mama mkwe akatolewa kwa kiti cha magurudumu, muuguzi akimsukuma, mguu mbele mweupe pe. Alivaa gauni lake zuri na kilemba cha sherehe. Kilemba kirefu. Alikivaa kwa ajili yangu. Alisema huwezi kwenda safari ya heshima kichwa wazi.

Mimi na shemeji tulimwinua tukamketisha. Ndipo nilipokumbuka kwamba mke wangu ni mfupi. Mama yake si mfupi. Kilemba kikagota paa, shingo ikapinda, kidevu kikamgusa kifuani. Mama mkwe, mtu aliyenyooka maisha yake yote, alikaa kitini mwangu kama aliyekamatwa akiiba. Nikamwambia kwamba kiti kinalala, asiwe na shaka. Nikavuta kishikio. Kikalala chote kwa mpigo mmoja, akabaki anatazama paa, kilemba kimemfunika macho. Akauliza kwa sauti ndogo kama tumeshafika.

Nikafunga mlango. Haukufunga. Mke wangu aliketi hapo jana na mguu wa nyama na mfupa, unaojua kujivuta. Plasta haijivuti. Ilibaki nje, upana wa vidole viwili. Nikasukuma polepole. Mama akasema aa. Nikaacha.

Watu wakaanza kukusanyika. Muuguzi akasema kwani kuna nini, wagonjwa wa plasta wote hulazwa kiti cha nyuma, mguu juu ya mto, ni jambo la kawaida. Akafungua mlango wa nyuma amwonyeshe mke wangu namna ya kupanga mto. Akatazama ndani. Palikuwa na sakafu, na mashimo, na chini yake lami ya hospitali. Akaufunga mlango.

Nikamwambia kila mtu atulie kama maji mtungini. Vidole viwili tu! Msumeno nilikuwa nao chini ya kiti changu. Nikautoa nianze kukata ubavu wa mlango kwa ndani, kazi ya muda mfupi. Mlinzi wa geti akaja mbio akiniambia niweke chini silaha. Na kutoka kule kitini, chini ya kilemba, ikaja sauti ya mama mkwe, shwari kabisa:

“Mkwe wangu, naomba unitoe humu kabla hujanikata na mimi.”

Mlinzi akacheka mpaka akashika nguzo. Laiti ardhi ingepasuka. Sakafu ya gari ilikuwa na mashimo tayari, ilibaki ardhi tu.

Tulimtoa. Shemeji akamlaza nyuma ya gari lake, mto, shuka, kila kitu. Alikuja na mto! Kisha akamwambia dada yake kwa ule upole wake kwamba yamekwisha, mama anakwenda kwake, kama tulivyokubaliana. Mke wangu hakubisha. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, pale pale vumbini, na gauni lake la kutokea, akalia kwa sauti. Hakunilaumu. Alilia tu kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nilisimama na msumeno mkononi na sikujua niuweke wapi. Nilimkosea, na nilijua nimemkosea.

Mama mkwe akagonga kioo kwa pete yake. Akauliza mwanawe analia nini. Shemeji akamweleza makubaliano. Mama akasema hakuna aliyemshirikisha katika makubaliano hayo, wanawe wawili na mtu mzima mwingine mmoja wamemnadi kama kitanda cha mtumba. Gari ni gari. Yeye anakwenda kwa binti yake. Akamwagiza shemeji awashe gari, na njiani asikimbie.

Mke wangu akapanda mbele kwa kaka yake. Mimi nikawafuata peke yangu, nimeinama kwenye kisiki changu, na kile kiti kitupu kimelala pembeni yangu. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona isipokuwa trafiki mmoja, akanipungia nipite.

Jumapili, 14 Juni

Mama yuko chumbani, mapazia safi, uji kitandani. Kila dakika kengele inalia, na mke wangu anakwenda anakimbia, anaimba. Sijamsikia akiimba muda mrefu.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Lengo lilikuwa mama afike kwetu. Kafika. Kwa hiyo mpango ulifaulu, ila kwa njia ya kuzunguka. Na kosa halikuwa la kiti. Kosa ni la mlango. Nilimweleza hivyo mke wangu. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akachukua spana zangu zote akazifungia kabatini.

Jumanne, 16 Juni

Leo mama mkwe aliniita. Si kwa kengele, kwa jina la mkwe. Mke wangu alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mama akaniambia niketi, na nisishike kitu. Nikaketi, mikono magotini.

Akasema anajua nilikuwa na nia njema, na kwamba alipokuwa amelala kwenye kile kiti aliwaza hakuna mkwe mwingine angemhangaikia hivyo, na pia kwamba atakufa. Yote mawili kwa pamoja. Akasema binti yake amechoka. Kupika, kufua, kumgeuza, kumwosha. Hahitaji mume wa kuunda vitu. Anahitaji mume wa kuosha vyombo. Kama kitu hakijavunjika, nikiache. Je, naweza?

Nilimshika mkono. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote, na Mungu ni shahidi, nilimaanisha kila neno. Nikatoka humo nimekuwa mtu mwingine, nikaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo, bila kuambiwa mara ya pili.

Niliosha vikombe viwili. Ndipo nikaliona lile bomba. Ni fupi mno! Maji yanaangukia karibu na ukuta, mtu lazima ainame mpaka kiuno kikatike. Ndiyo maana mke wangu amechoka! Miaka yote anainama, na hakuna aliyewaza chanzo. Nikamtumia ujumbe Jabali. Analo bomba refu, shingo ndefu ya kuzunguka, linaingia sinki lolote. Kalileta sasa hivi. Nati yake ni nene kuliko bomba la ukutani, lakini ukuta ni wa kuchonga tu. Sitamwambia mke wangu, nataka akute tayari.

Nimefunga maji ya nyumba nzima na nimeling'oa lile la zamani. Limetoka na kipande cha ukuta. Mama mkwe anapiga kengele, anasema ameshapakwa sabuni na binti yake aliyerudi sasa hivi, wanangoja maji ya kumsuuza. Nimejibu kwamba yanakuja.